TAKWIMU ZINAZOSIKIKA

Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vya msingi vimeuzingatia usemi huo: madaftari yapo, stakabadhi zipo, na kila mwaka hesabu husomwa mbele ya mkutano mkuu. Hata hivyo, daftari lisiloeleweka kwa mwenye mali halimlindi. Katibu husoma safu ndefu ya tarakimu, wanachama hunyoosha mikono, na hesabu hupitishwa. Mwanachama aliyeidhinisha asichokielewa hakuidhinisha kitu. Mazungumzo haya yanahusu njia mojawapo ya kulipunguza tatizo hilo, nayo ni kuzigeuza takwimu ziwe sauti.

Sikio ni mlinzi

Jambo lenyewe si geni. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na aisikiaye hahitaji kusoma tangazo. Mwendesha mashine ya kusaga hutambua kwa mlio tu kwamba mahindi yamekwisha, ingawa ameipa mashine mgongo. Jicho huona kile lilichoelekezwa. Sikio hupokea kutoka kila upande, wala halifumbwi. Aidha, sikio ni hodari wa kutambua mabadiliko yanayofuatana kwa wakati: sauti inayopanda, inayoshuka au inayochelewa.

Wanasayansi waliitumia sifa hiyo mapema. Mwaka 1928 Hans Geiger na Walther Müller wa Ujerumani walitengeneza kifaa cha kupima mionzi ambayo haionekani wala hainusiki. Kifaa cha namna hiyo kikiunganishwa na kipaza sauti hutoa mlio mfupi kila kinapotambua mnururisho, na milio ikisongamana mfanyakazi hujua kuwa hatari imekaribia.

Mfano bora zaidi umo katika vyumba vya upasuaji. Mwaka 1974 Takuo Aoyagi wa Japani alieleza njia ya kupima oksijeni iliyomo katika damu kwa kupitisha mwanga mwilini, bila kutoboa ngozi. Kutokana na njia hiyo kikapatikana kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole cha mgonjwa. Kila moyo unapopiga, kifaa hulia mara moja. Na katika vifaa vingi vya chumba cha upasuaji, oksijeni inapopungua mlio huwa mnene zaidi. Mganga ameinamia kidonda na muuguzi anatayarisha vyombo, lakini wote wawili huusikia mlio ukishuka na kuinua vichwa kwa pamoja. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilikiingiza kifaa hicho katika orodha yake ya mambo ya kuhakikishwa kwa usalama wa upasuaji.

Kadhalika, mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, Sheridan Speeth, alichukua kumbukumbu za mitetemo ya ardhi, ambayo ni ya polepole mno kusikika, akaiharakisha mpaka ikawa sauti. Swali lilikuwa zito: mtetemo huu ni tetemeko la asili, au ni mlipuko wa bomu? Wasikilizaji waliweza kutenganisha mambo hayo mawili zaidi ya mara 90 katika kila 100.

Tena yupo Wanda Díaz-Merced, mtaalamu wa nyota kutoka Puerto Rico, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana. Hakuiacha kazi yake. Alizigeuza takwimu za anga kuwa sauti akaendelea na utafiti, na kwa muda alifanya kazi Cape Town, Afrika Kusini. Utafiti wake ulionyesha kuwa hata wenzake wenye kuona walitambua vizuri zaidi ishara dhaifu pale sauti ilipofuatana na mchoro. Kwa hiyo njia iliyomfaa asiyeona iliwafaa na wanaoona.

Mfano wa mizani

Kanuni ni nyepesi: tarakimu hupewa sauti kwa utaratibu uliokubaliwa. Tuseme chama cha msingi hununua kilo 4,000 za pamba kila wiki kwa muda wa wiki nne. Kiwandani hupokelewa pungufu: wiki ya kwanza kilo 10, ya pili 50, ya tatu 100, ya nne 300. Mkutanoni husomwa jumla tu: zilinunuliwa kilo 16,000, zikapokelewa 15,540. Upungufu haufiki kilo 3 katika kila 100, na wengi wataona ni jambo la kawaida.

Sasa zichukuliwe marimba. Kibao kimoja kipigwe kwa uzito ulionunuliwa. Kisha kipigwe kibao cha uzito uliopokelewa, kikishuka ngazi moja kwa kila kilo 50 zilizopungua. Wiki ya kwanza sauti mbili zinalingana. Wiki ya pili ya chini inashuka ngazi moja, ya tatu ngazi mbili, na ya nne ngazi sita. Hakuna atakayeketi kimya. Jumla iliyaficha mabadiliko, sauti imeyafichua. Na mama mzee asiyejua kusoma atauliza swali lile lile atakalouliza mhasibu: wiki ya nne kulitokea nini?

Penye kompyuta, au hata simu yenye programu ifaayo, kazi hiyo hufanyika kwa safu ya mamia ya tarakimu. Pasipo na umeme, marimba na ngoma zinatosha.

Tahadhari

Hapana budi kuzingatia mambo matatu. Kwanza, sauti isiyoelezwa ni kelele: kabla ya kupiga, mkutano uambiwe kila ngazi ina maana gani, na usikilizishwe mfano. Pili, sauti huonyesha kwamba jambo limetokea, haionyeshi sababu. Upungufu waweza kutokana na unyevu uliokauka, na mizani iliyoharibika, au na mkono wa mtu. Asihukumiwe karani kwa mlio wa marimba. Uchunguzi ufanywe kwa stakabadhi. Tatu, milio ikizidi hupuuzwa. Katika hospitali nyingi imeonekana kuwa vifaa vinavyolia kila mara huwachosha wahudumu, hata mlio wa hatari ya kweli ukapita bila kushughulikiwa. Zichaguliwe takwimu chache zenye uzito.

Kazi ya vyama

Kamati itakayopenda kujaribu na ianze na takwimu za aina moja, kama uzito wa wiki kwa wiki au marejesho ya mikopo ya pembejeo. Katibu aandae ngazi za sauti pamoja na mwanachama asiyejua kusoma. Asipoelewa yeye, utaratibu urekebishwe. Daftari libaki mahali pake na mkaguzi aendelee na kazi yake, kwani sauti ni msaidizi wa hesabu, si badala yake. Mali ya ushirika ni ya wote, wanaosoma na wasiosoma, wanaoona na wasioona. Kila mmoja anayo haki ya kujua kilo zake zilipungukia wapi, na kujua mapema, kabla msimu haujafungwa na pamba haijauzwa.