Takataka za Intaneti na Wajibu wa Mwalimu



Mchimbaji mdogo wa Bulyanhulu au Geita hahitaji kufundishwa kwamba sehemu kubwa ya mwamba si dhahabu. Tani nzima ya mawe yenye mali hutoa gramu chache tu. Kwa hiyo mawe husagwa kwenye karasha, mchanga huoshwa mwaloni, na kinachosalia hupimwa kwenye mizani kabla ya shilingi moja kutolewa. Hapana mnunuzi anayelipa kwa sababu jiwe linang'aa. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akishika simu, hupokea kila king'aacho bila kukiosha wala kukipima.

Takataka za intaneti hazizuki zenyewe, ni biashara. Mwezi Mei 1978 mfanyakazi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani aliwatumia watu wapatao 400 tangazo la kompyuta ambalo hawakuliomba. Siri ya biashara hiyo haijabadilika: kuwatumia watu elfu moja ujumbe hakugharimu karibu chochote, hivyo akinaswa mmoja tu, mtumaji amekwisha pata faida. Ndiyo maana simu za Watanzania hupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mialiko ya kujiunga na Freemason ili kutajirika, na matangazo ya waganga wanaoahidi mali. Ni unyonyaji ule ule. Mrija tu ndio mpya.

Wako wanaosema hayo ni mambo ya kucheka. Kanda ya Ziwa haiwezi kucheka. Katika miaka ya 2007 hadi 2009, uongo kwamba viungo vya watu wenye ualbino huleta utajiri wa dhahabu na samaki ulisababisha vifo vya makumi ya watu katika Mwanza, Shinyanga na mikoa jirani. Januari 2009 Serikali ilisimamisha leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14. Uongo huo ulienea kwa mdomo, kutoka mtu hadi mtu. Leo uongo wa namna hiyo hauhitaji miguu. Kidole kimoja kinatosha.

Sheria ipo. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole. Na namba ya tapeli yaweza kutumwa TCRA kupitia 15040. Lakini sheria humkamata mwizi. Haimfungii mwenye nyumba mlango.

Hapo ndipo ulipo wajibu wa mwalimu na mtumishi. Kijijini, habari iliyotoka kwa mwalimu huaminiwa kwa kuwa imetoka kwa mwalimu. Akisambaza asichokihakiki, ameigongea takataka mhuri. Kila habari na iulizwe maswali matatu: nani ameiandika, lini, na nani atafaidika ikiaminiwa? Isiyo na mwandishi wala tarehe, tena inayomhimiza msomaji afanye haraka, haifai kupelekwa mbele.

Mfano mwema upo. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kuizunguka redio, katika vikundi vyenye viongozi na vitabu. Walisikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Redio ilileta sauti. Mjadala ndio ulioleta vyoo. Shule za Bulyanhulu zaweza kufanya vivyo hivyo: kila wiki ujumbe mmoja wa simu uandikwe ubaoni, wanafunzi wauhoji na kuupima mbele ya wote. Mtoto aliyezoea kazi hiyo atamzuia mzazi wake kabla fedha hazijatumwa.

Kisichopita kwenye mizani kisipelekwe kwa jirani.