Kengeleni: Watu Waliopata Ukoo Kando ya Bandari
(Maneno ya Katibu wa Kwaya katika sherehe ya Yubilei ya miaka 25, Ogembo)

 



Kamati iliniomba nisome historia ya kwaya. Historia hiyo imechapishwa katika kurasa za mbele za kijitabu hiki, pamoja na ile picha ya mwaka wa kwanza ambapo walikuwa watu kumi na wanne wenye sare za kuazima. Someni nyumbani, mcheke vizuri. Mimi naomba dakika hizi niwapeleke Mombasa, mahali tulipokaribishwa safari yetu ya Desemba, kisha niwarudishe Ogembo kabla chakula hakijapoa. Nina jambo la kuwaomba, lakini haliwezi kueleweka bila safari hiyo.

Wale tuliosafiri mnakumbuka siku ya pili. Mama aliyetukaribisha alitutembeza hadi mahali panapoitwa Kengeleni, upande wa Kisauni, penye mnara mdogo wa kengele kando ya barabara yenye magari mengi. Tukiwa tumesimama pale, mzee wetu mmoja akamwuliza swali ambalo sisi Abagusii humwuliza kila mtu hata kabla ya jina lake: "Mama, nanyi ni wa ukoo gani?" Mama akacheka kidogo, akainua mkono kuelekea kengele. "Sisi ni wa hiyo," akasema.

Wengine tulicheka tukidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, na bila ramani siwezi kusimulia. Mji wa Mombasa ulianzia juu ya kisiwa cha mwamba wa matumbawe, na bahari imekizunguka kwa mikono miwili. Mkono mmoja ni Kilindini, na jina linajieleza: ni penye kilindi, maji ya kina kirefu, ndiyo maana meli kubwa hutia nanga huko. Mkono wa pili ni ule unaoingia ndani hadi Tudor. Mlangoni mwake ndipo ilipo bandari ya zamani, chini ya Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Majahazi yalifika hapo kwa karne nyingi, yakija na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi na kurudi na upepo wa kusi.

Ukisimama kwenye bandari hiyo ya zamani ukatazama ng'ambo, upande wa bara, unaona Nyali na Kisauni. Siku hizi unavuka kwa Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka wa 1980, na kabla yake palikuwa na daraja la kuelea tangu 1931. Zamani zaidi ilikuwa ni mashua tu. Ng'ambo hiyo ndiyo Freretown.

Mtu wa Ogembo anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini? Maji ya Mto Gucha hayafiki Mombasa. Huingia Ziwa Viktoria, yakafuata Nile hadi Bahari ya Mediterania. Lakini majani chai tunayochuma kwenye umande hufika Mombasa. Mnada wa chai ulihamishwa kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka wa 1969, na chai inayonunuliwa hapo hupakiwa melini Kilindini. Watoto wetu pia wanafika. Hakuna boma hapa lisilo na mtu aliyewahi kutafuta kazi Changamwe, Likoni au Kisauni. Bandari ni mlango wetu pia, ijapokuwa uko umbali wa kilomita karibu 800.

Basi sikilizeni jinsi watu wa ng'ambo ile walivyofika.

Katika karne ya 19 maelfu ya watu walitekwa au kuuzwa kutoka nchi za ndani. Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa kandokando ya Ziwa Nyasa, wakasafirishwa kwa majahazi kutoka Kilwa na Unguja. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Hakuutia kwa hiari. Sir Bartle Frere alipomletea maneno hayo mapema mwaka huo, aliyakataa. Alikubali baadaye, alipotishiwa kwamba manowari za Uingereza zitaifungia Unguja. Tangu hapo manowari zikazidi kuyasaka majahazi.

Hapo ndipo lilipozuka swali gumu. Mtu akishatolewa jahazini anapelekwa wapi? Mtoto aliyetekwa akiwa na miaka sita au saba atakumbuka nini? Pengine jina la mama yake. Njia ya kurudi haijui, na hata angeijua, kijiji chenyewe huenda kilichomwa siku ile ile.

Kabla ya hapo, waliookolewa walikuwa wakipelekwa mbali: Aden, Bombay, Shelisheli, Morisi. Karibu na mji wa Nasik, nchini India, palikuwa na makao yaliyoanzishwa na kasisi William Salter Price wa Church Missionary Society, ambapo watoto wa Kiafrika walilelewa, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono. Hao ndio walioitwa Waafrika wa Bombay. Price alifika Mombasa mwishoni mwa 1874, na mwaka wa 1875 akanunua ardhi Kisauni. Mahali hapo pakapewa jina la Frere. Ng'ambo hiyo kanisa lilikuwa tayari na kaburi: mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka wa 1844, mke wake Rosine na mtoto wao mchanga walifariki mwaka uo huo, wakazikwa upande huo wa bara.

Sisemi kwamba Freretown ilikuwa paradiso. Watu walifanya kazi chini ya kengele na kanuni kali, na katika miaka ya mwanzo wengine walichapwa viboko hadi malalamiko yakafika Uingereza. Mtu ametoka katika minyororo, kisha anakutana na kiboko cha misheni. Historia ya kanisa tuisome yote, si kurasa tamu peke yake.

Lakini tazameni walichofanya watu wenyewe. Waliletwa pamoja bila lugha moja, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya nyumba zao na ya ibada zao. Waafrika wa Bombay, waliokuwa wamepitia njia ile ile ya utumwa, ndio waliokuwa walimu na mafundi wao. Wenye watumwa mjini Mombasa walikasirika, kwa sababu watoro pia walikimbilia vituo vya misheni, hapo Freretown na kule Rabai. Ndiyo sababu kengele ile inakumbukwa hadi leo: watekaji walipotishia kuvuka maji, iligongwa ili kila mtu asikie. Mwanzoni mwa 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani aliwalipa wenyewe fidia, na watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa misheni wakapewa hati za uhuru. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pwani yetu hadi mwaka wa 1907.

Na watu wale walizaa matunda. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington aliwaweka wakfu William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi, na wote wawili walikuwa Waafrika wa Bombay. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu kwenda Uganda. Walipofika Mumias, ambako si mbali sana na hapa kwetu, Askofu alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones, mtoto aliyeuzwa, ndiye aliyeuongoza msafara uliobaki akaurudisha pwani mapema mwaka wa 1886.

Mwaka wa 1903 shule ya kufundisha watumishi wa kanisa ilianzishwa hapo Freretown. Ilihamia Limuru mwaka wa 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. James Mbotela, mwana wa jamii hiyo, aliandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka wa 1934. Wazee wetu wanamjua zaidi mwanawe, Leonard Mambo Mbotela, aliyetufundisha adabu redioni kwa miaka mingi katika kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" Mjukuu wa mtu aliyeokolewa jahazini aliwafundisha Wakenya wote ungwana. Ninyi mnaojua maana ya zamani ya neno muungwana, yaani mtu huru asiye mtumwa, lifikirieni hilo.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Ni methali nzuri, nami huwafundisha watoto darasani. Lakini watu wa Freretown hawakuacha asili yao. Walinyang'anywa. Kwa mtu wa namna hiyo ipo methali nyingine: undugu ni kufaana, si kufanana. Mama yule alipoonyesha kengele, alikuwa anatujibu sawasawa. Ukoo wake ni wale waliokuwa wakitoka mbio pamoja kengele ilipolia.

Sasa narudi Ogembo, na hapa naomba mnivumilie.

Tunaye kijana katika sauti ya besi. Ameniruhusu niseme haya, mradi nisimtaje jina. Alilelewa katika makao ya watoto, akaja kwetu akiwa kidato cha pili, na sasa ana miaka tisa katika kwaya. Mnaijua sauti yake hata kama hamjui habari zake. Mwaka jana mwezi wa Agosti alitaka kuoa. Wakwe wakauliza, kama ilivyo haki yao: huyu ni wa egesaku gani? Nani anakuja kuzungumza kwa niaba yake? Ng'ombe watatoka boma gani? Akaleta ombi lake kwa kamati, kwamba kwaya iende naye kama watu wake.

Kumbukumbu za mkutano ule ziko mikononi mwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeziandika. Zinasema: "Suala liahirishwe hadi kikao kijacho." Ni maneno matano, na hayamkosei mtu yeyote. Hakuna aliyesema hapana. Mmoja alisema mambo ya ukoo si ya kwaya. Mwingine aliuliza ni nani atakayejibu ndoa ikipata shida. Mimi sikusema kitu, niliandika tu. Kikao kilichofuata tulizungumzia nauli ya Mombasa.

Siku ya mazungumzo alikwenda na watu watatu: mwalimu wetu wa nyimbo, mama mmoja mjane wa sauti ya pili, na rafiki yake wa kazini. Wazee wa upande wa pili waliwapa chai kwa heshima, wakawaambia warudi siku nyingine wakiwa na watu kamili. Hawakumfukuza. Walisema, "Tafuta watu wako."

Tulipokuwa pale Kengeleni na mama akatoa lile jibu lake, kijana huyo alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikugeuka kumtazama. Nilijua ni nini nitakachokiona.

Ndugu zangu, kwaya hii imeimba miaka 25. Tumewaimbia watu harusini na kaburini, na kila mahali tumesema sisi ni familia moja katika Bwana. Wakwe wale wametuuliza tu kama tulikuwa tunasema kweli. Ukoo ni kitu chema. Mimi ninajua babu yangu amezikwa wapi, nami siuzi heshima hiyo. Lakini kama watu waliotoka jahazini bila lugha moja waliweza kuwa ukoo, sisi tunaofanya mazoezi pamoja kila wiki chini ya mti mmoja tunashindwa na nini?

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza: katika mkutano mkuu wa mwezi ujao, tuongeze kifungu katika katiba ya kwaya, kwamba mwanakwaya asiye na jamaa, kwaya ndiyo jamaa yake, katika posa, hospitalini na mazishini. Nimekiandika tayari, na hakina neno "ahirisha".

La pili halihitaji mkutano. Wakwe wametoa tarehe nyingine, Jumamosi ya tatu. Siku hiyo hakutakuwa na mazoezi. Ile ringi ya lori tunayoigonga badala ya kengele itagongwa saa mbili asubuhi. Atakayeisikia aje na sare yake, na mwenye uwezo aje na kitu mkononi. Mzee wetu aliyeuliza swali kule Kengeleni amekubali kuwa msemaji, na ameniambia atakapoulizwa kijana huyu ni wa nani, jibu analo.