Mgonjwa wa Kuhara Asinyimwe Maji



Mtoto wa miaka miwili aanza kuhara jioni. Kabla ya jogoo kuwika amekwisha kuhara mara sita na kutapika mara mbili, naye analilia maji. Mama yake anyosha mkono kuchukua kikombe, lakini nyanya yake mtoto amzuia, akisema, "Usimpe, mwanangu. Huoni ya kuwa kila anywacho chatoka? Liache tumbo lipumzike." Mama aweka kikombe chini, kwa maana si adabu kubishana na mama mkwe, tena mama mkwe amelea watoto wengi. Kunapopambazuka mtoto halii tena. Watu wa nyumbani wafurahi wakidhani amepata nafuu. Kumbe hana nguvu za kulia, wala hana machozi.

Mambo kama hayo yametokea katika nyumba nyingi, mashambani na mijini. Shauri la nyanya huyo halikutoka katika moyo mbaya. Matabibu wenyewe zamani waliamini kwamba tumbo lenye ugonjwa lapasa kupumzishwa, wakawanyima wagonjwa chakula. Hata hivyo shauri hilo ni kosa, nalo ni kosa liwezalo kuua.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: mara nyingi kinachomwua mtu anayehara ni kukaukiwa maji. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wa binadamu ni maji, na ndani ya maji hayo mna chumvi. Mtu aharapo, vyote viwili hutoka pamoja. Damu hupungua katika mishipa, moyo huenda mbio, na mkojo huwa haba. Mtoto mchanga hukauka upesi kuliko mtu mzima, kama vile mtungi mdogo uvujapo huisha kabla ya pipa. Naye mwenye mtungi uvujao, akiacha kutia maji, hakuuziba mtungi wake. Ameharakisha tu kuukausha.

Pengine mtu atauliza, "Ikiwa tumbo linatoa maji, maji ya kunywa yatakaaje ndani?" Swali hilo ni la haki, nalo lilipata jibu. Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, Robert Crane, alieleza mbele ya wenzake mjini Prague jinsi sukari na chumvi zinavyoingia mwilini kwa njia moja katika utumbo. Chumvi hupita vema ikifuatana na sukari, na vyote viwili vikipita, maji huvifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata wakati wa kuhara. Kwa hiyo maji matupu hayatoshi, wala maji ya chumvi peke yake hayafai. Lakini maji yenye sukari kidogo na chumvi kidogo huingia mwilini, ijapokuwa kuhara hakujakoma. Mwaka 1968 matabibu katika mji wa Dhaka waliwapa wagonjwa wa kipindupindu maji ya namna hiyo, wakaona kwamba haja ya kuwatia maji mshipani kwa sindano imepungua sana.

Miaka mitatu baadaye elimu hiyo ilipata mtihani mkubwa. Katika vita vya mwaka 1971, mamilioni ya watu walikimbia kutoka nchi ambayo sasa ni Bangladesh wakaingia India, na kipindupindu kikazuka katika kambi zao. Huko Bangaon, Daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala sakafuni, na maji ya kutia mshipani yakikaribia kwisha. Akaagiza sukari, chumvi na magadi vipimwe, vichanganywe na maji safi na kutiwa katika mapipa, kisha jamaa za wagonjwa wakaambiwa wawanyweshe wagonjwa wao kwa vikombe. Kabla ya hapo watu kama 30 katika kila wagonjwa 100 walikuwa wakifa. Miongoni mwa wale zaidi ya 3,000 waliotunzwa kwa maji hayo, waliokufa hawakufika 4 katika kila 100. Wauguzi wengi katika kazi hiyo walikuwa mama, baba na ndugu wa wagonjwa, watu wasiosomea utabibu.

Basi ikiwa iliwezekana katika kambi ya wakimbizi, yawezekana pia katika jiko la nyumba yoyote.

Dawa iliyo bora ni unga wa pakiti unaopatikana katika zahanati na maduka ya dawa, kwa kuwa umepimwa sawasawa. Mtu asome maandishi ya pakiti, maana pakiti nyingine ni za lita moja na nyingine ni za nusu lita, naye asiongeze wala asipunguze maji. Ikiwa pakiti haipatikani upesi, dawa yaweza kutengenezwa nyumbani hivi: atwae maji lita moja, yaani chupa mbili za nusu lita, yaliyochemshwa yakapoa. Atie vijiko vya chai sita vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa ubapa wa kisu wala visifurike. Akoroge mpaka viyeyuke, kisha aonje yeye mwenyewe kwanza. Yakiwa na chumvi kupita machozi, ayamwage atengeneze mengine, kwa sababu chumvi nyingi humdhuru mtoto. Sukari nyingi nayo huzidisha kuhara. Kwa hiyo soda si dawa. Maji yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe.

Kunywesha nako kuna ufundi wake. Mtoto akigugumia kikombe kizima kwa mara moja, aweza kutapika. Apewe kwa kijiko, kidogo kidogo, kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika, mlezi asikate tamaa. Angoje dakika kumi, kisha aanze tena polepole zaidi. Kila baada ya kuhara, mtoto asiyetimiza miaka miwili apewe robo mpaka nusu ya kikombe kikubwa, na aliyepita umri huo apewe nusu mpaka kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri atakavyo. Wahenga walisema, "Haba na haba hujaza kibaba," na katika ugonjwa huu maneno hayo ni maagizo ya kutendwa.

Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Aliyekwisha anza kula apewe uji, wali laini, ndizi na vyakula vingine vya kawaida, kwa maana njaa haitibu tumbo. Dawa za kuzuia kuhara zisipewe watoto. Lakini vidonge vya zinki, ambavyo zahanati hutoa kwa watoto, vimalizwe kwa siku zote zilizoandikwa, ambazo ni kumi mpaka kumi na nne, ijapokuwa mtoto amepona.

Hata hivyo nyumba ina mpaka wake. Mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia ikiwa macho yake yameingia ndani, au utosi wa mtoto mchanga umebonyea. Ikiwa ngozi ya tumbo ikifinywa yakawia kurudi. Ikiwa hakojoi, au amelegea na kusinzia. Ikiwa hawezi kunywa au atapika kila kitu. Ikiwa choo kina damu, au kinamwagika kwa wingi kama maji yaliyooshea mchele, ambayo ni dalili ya kipindupindu. Mtoto aliye chini ya miezi sita naye apelekwe mapema. Na njiani, maadamu mgonjwa aweza kumeza, aendelee kunyweshwa. Wengi wamekauka katika safari ya kwenda kwa daktari, hali chupa ya maji ilikuwa mkobani.

Sasa na turudi katika nyumba ile ya kwanza. Mama ana kazi nyingi: ana kuni, ana maji ya kuteka, ana watoto wengine, na usiku kucha hakulala. Kazi ya kukaa karibu na mtoto, kijiko mkononi, saa baada ya saa, yahitaji mtu mwenye subira na mkono mtulivu. Mtu huyo yumo nyumbani, naye ni nyanya. Mama na amweleze kwa heshima jambo hili la sukari na chumvi, ampe kikombe, ampe na mtoto mapajani. Aliyesema kwa upendo, "Usimpe maji," ndiye atakayempa kwa upendo ule ule. Na kulipambazuka, mtoto akilia na machozi yakamtiririka, watu wa nyumba hiyo wana haki ya kufurahi.