Kulinda Nyumba na Kusitiri Jamaa

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuifikia siku hii tukufu ya Ijumaa, na tunamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, enyi ndugu Waislamu, mlioketi msikitini nanyi mnaotusikiliza majumbani, tunajiusia nafsi zetu kwanza, kisha tunawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Maneno yetu ya leo yanahusu mlango mmoja wa nyumba ambao wazee wetu hawakuujua. Hapa Nyakasimbi nyumba nyingi zimo ndani ya migomba na mibuni. Mgeni ajaye huonwa na majirani, hufika uani, hupiga hodi, na mwenyeji humkaribisha au humrudisha. Adabu hiyo ya kuomba ruhusa imewekwa katika Suratun-Nur, kuanzia aya ya 27. Lakini kompyuta iliyounganishwa na intaneti haina ua wala haina hodi. Humo huingia elimu, bei za kahawa na salamu za jamaa walio mbali. Na humo humo huingia picha na sinema za ngono, zikamkuta mtoto peke yake sebuleni.

Hatusemi kwamba chombo chenyewe ni kiovu. Nchi hii ya Karagwe imezijua njia tangu zamani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliweka kituo chao Kafuro, na Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861 aliikuta biashara hiyo. Njia ile ilileta nguo na shanga, na njia ile ile ilipitisha watumwa. Wajibu wa watu wenye akili ni kutazama kipitacho njiani. Vivyo hivyo tangu mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam, njia mpya imepanuka mpaka vijijini. Uchunguzi wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 67 katika kila 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 17 nchini Tanzania walikuwa wakitumia intaneti.

Basi tuchukue mfano. Kijana anasoma chuo mjini Bukoba, naye amerudi likizo. Mama yake mdogo anamwambia: "Mwanangu, wewe unaijua mashine hii. Nifungie kurasa chafu, wadogo zako wasizione." Je, kijana huyo afanyeje?

Kwanza, afanye kazi hiyo kwa ujuzi. Kompyuta, kabla ya kufungua ukurasa, huuliza mashine nyingine namba ya anwani ya ukurasa huo, kama mtu atafutaye namba katika kitabu cha simu. Mashine hiyo huitwa seva ya DNS. Zipo seva zinazokataa kutoa anwani za kurasa za ngono. Kampuni ya Cloudflare ilianzisha huduma ya namna hiyo, bila malipo, mwezi wa Aprili 2020. Namba zake ni 1.1.1.3 na 1.0.0.3, nazo huandikwa katika mipangilio ya mtandao ya kompyuta. Kisha watoto wapewe akaunti ya kawaida, na akaunti ya usimamizi ibaki kwa mwenye nyumba, ili asiyeruhusiwa asiweze kuzibadili namba hizo.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, afanye kazi hiyo kwa amana. Neno la siri alichague mama mdogo mwenyewe, wala kijana asiondoke nalo kwenda Bukoba. Kichujio huweza kukosea, kikazuia ukurasa wa afya ambao mwanafunzi anauhitaji; ikiwa ufunguo uko mbali, nyumba nzima itataabika. Tena asipekue kumbukumbu za kurasa zilizofunguliwa ili ajue nani alitazama nini. Suratul-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana. Aliyeitwa kufunga dirisha hakupewa ruhusa ya kufungua masanduku ya wenyewe. Na kama jambo limemjia machoni bila ya kulitafuta, asilipeleke kwa majirani wala asilirushe katika simu za watu kwa kisingizio cha kuonya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekataza kuchapisha picha za ngono kwa njia ya kompyuta, na picha za watoto ni kosa zito zaidi.

Wapo watakaosema: "Mbona tuombe ruhusa? Uovu uzuiwe tu, hata kwa siri." Ndugu zetu, nia hiyo ni njema, lakini njia yake ina madhara. Mtu mzima ni bwana wa chombo chake. Akigundua kuwa mpwa wake amekigusa bila ya kumwambia, hatamwamini tena, na nasaha yote itapotea. Nao watoto wakifungiwa kwa siri hujifunza kwamba mambo ya nyumbani hufanywa kwa siri. Waambiwe wazi: mlango huu tumeufunga, na sababu yake ni hii.

Tukumbuke pia kwamba kufuli hili lina mwisho wake. Kufunga kompyuta hakufungi simu iliyo mfukoni, nayo simu ina mipangilio yake. Ziko vilevile programu za VPN zinazoweza kukipita kichujio. Kwa hiyo mzazi asiweke chuma mahali pa malezi. Kompyuta na ikae sebuleni, panapopita watu, na mzazi aketi mara kwa mara na wanawe waitumie pamoja.

Na sisi wakubwa, tujitazame. Suratun-Nur, katika aya ya 30, imeanza kuwaelekea wanaume Waumini juu ya kuyainamisha macho, kisha aya ya 31 ikawaelekea wanawake. Baba anayetaka watoto wafungiwe, naye ajiwekee ufunguo ili atazame usiku, amekilinda kioo akauacha moyo. Kama ana udhaifu huo, ni heri neno la siri liwe kwa mkewe au kwa ndugu anayemwamini. Hiyo si aibu. Ni toba yenye vitendo.

Mwisho, enyi wazazi, mtoto akikujieni na kusema ameona jambo baya, msiupokee ukweli wake kwa fimbo. Pengine hakulitafuta, pengine ametumiwa na mtu mzima mwenye nia mbaya. Akipigwa leo, kesho atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko anakokutaka yule mwovu. Msikilizeni, mtulizeni, na pakiwa na mtu anayemtishia, pigeni simu ya msaada kwa watoto, namba 116, isiyo na malipo, au mwende polisi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu za Nyakasimbi, za Karagwe na Kyerwa, na za Waislamu wote. Atupe macho yenye haya na ndimi zenye kusitiri. Awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa, na awafanye wenye kuaminiwa katika nyumba za jamaa zao. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.