Breki za ABS: Kuusimamia Usukani Gari Linaposerereka



Madereva wengi wanaamini kwamba gari lenye ABS, yaani mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga dereva anapokanyaga breki, lazima lisimame mapema zaidi. Imani hiyo inaweza kuua, ndiyo maana nimeichagua jioni ya leo. ABS inamhakikishia dereva jambo jingine: kwamba akikanyaga breki kwa nguvu zote, bado ataweza kulikwepesha gari.

Tairi hugusa lami kwa eneo dogo tu, mfano wa kiganja cha mkono. Nguvu ya kusimama na nguvu ya kukata kona zote hupita hapo. Gurudumu likizunguka polepole kuliko mwendo wa gari, kwa tofauti ya asilimia 10 hadi 20 hivi, msuguano kwenye lami hufikia kilele. Likijifunga kabisa na kuserereka, msuguano hushuka, na ile nguvu ya upande inakaribia kutoweka. Zungusha usukani utakavyo, gari litafuata njia yake lenyewe.

Kwa hiyo katika ABS kila gurudumu huwekewa sensa ya mwendo. Kompyuta ikiona moja linakaribia kujifunga, huzuia mafuta ya breki kwa vali, hufungua vali nyingine ili shinikizo lishuke, gurudumu likazunguka tena, kisha shinikizo hupandishwa upya. Hayo hurudiwa mara kadhaa kwa sekunde, na mguu huhisi pedali ikitetema. Msishtuke mkainua mguu, wala msipampu breki. Kanyageni, shikilieni, liongozeni gari.

Ndege ndizo zilizotangulia kutumia breki za namna hii, kwa mfumo wa Maxaret wa Dunlop, ambao mwaka 1966 uliingia katika gari la Jensen FF. ABS ya kielektroniki ya Bosch ilifika kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978.

Msuguano wenyewe, hata hivyo, hakuna kompyuta inayouongeza. Kwa kilomita 100 kwa saa, kwenye lami yenye kigezo cha msuguano cha 0.8, gari huhitaji takriban mita 49 kusimama tangu breki zishike. Mvua ikikishusha kigezo hadi 0.4, zinakuwa mita 98. Kabla ya hapo, sekunde moja ya kushtuka imekwisha kula mita 28. Kwenye changarawe mambo hugeuka: gurudumu lililofungwa hurundika kokoto mbele yake, na rundo hilo hulizuia gari. ABS hairuhusu gurudumu kujifunga, hivyo gari huenda mbali zaidi. Nasi tuna barabara nyingi za changarawe.

Kinachonisumbua zaidi ni dereva. Mjini Munich, katika miaka ya 1980, teksi zenye ABS zililinganishwa na zisizo nayo. Ajali hazikupungua, kwa kuwa wenye ABS walikata kona kwa ukali zaidi na kulisogelea mno gari la mbele. Nchini Marekani, uchambuzi wa mamlaka ya usalama barabarani uliotolewa mwaka 2009 ulikuta kwamba athari ya ABS kwa ajali zenye vifo inakaribia sifuri, ingawa ajali zisizoua zilipungua.

Ombi langu ni kwa shule za udereva. Mpelekeni mwanafunzi kwenye uwanja mtupu uliolowa, akanyage breki hadi pedali itetemeke, na mguu wake ubaki pale pale huku akikwepa kizuizi mlichomwekea.