Katani Ilizidiwa Kete na Nani?

Msikilizaji, anayejifunza Kiingereza akishajua kwamba "lose to" ni kushindwa na mtu, hudhani "lose out to" ni kushindwa kulekule. Sivyo. Yanga ikifungwa na Simba, imeshindwa uwanjani: hapo "lose to" inatosha. Ukisema "lose out to", kuna kitu kilichokuwa kinagombewa, kama zabuni, kazi, mteja au soko, nawe umekikosa kwa sababu mwenzako amekitwaa. Huenda hamjawahi hata kuonana.

Chukua katani. Mjerumani Richard Hindorf aliileta Tanganyika mwaka 1893, na miche iliyosalimika safarini haikufika hata mia. Kwa miche hiyo mashamba yakaenea Tanga yote, Muheza hadi Korogwe, na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000, ikiongoza duniani. Ikaja kamba ya plastiki, nyepesi, rahisi, isiyooza. Wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakifungia marobota ya nyasi kwa kamba ya katani, wakahamia huko. Kwa Kiingereza utasema: "Tanzanian sisal lost out to synthetic fibre." Hakuna aliyekuja Korogwe kupambana na mkata mkonge. Wanunuzi walipungua tu, mwaka hadi mwaka.

Baada ya "to" mtaje aliyepata, kilichokosekana kitangulize kwa "on": "We lost out on the contract." Na tafadhali, usiseme "we were lost out". Kitenzi hiki hakitumiki katika kauli ya kutendwa, ingawa sisi kwa Kiswahili twasema tumezidiwa, tumepitwa.

Ila nawasihi hasa wanahabari wenzangu: usemi huu humtaja aliyepata, na mwandishi akaridhika. Ukiandika kwamba katani ilizidiwa na plastiki, ukaweka nukta, umesema kweli nusu. Ongeza "because", kisha ufanye kazi ya kutafuta: bei iliyoanguka, mashamba yaliyotaifishwa mwaka 1967, mitambo iliyochakaa bila kubadilishwa. Brazili nayo ilikuwa ikiuza katani ileile, ikipambana na plastiki ileile, na ndiyo iliyokuja kushika nafasi ya kwanza duniani. Kwa hiyo andika pia: "Tanzania lost out to Brazil." Sentensi hiyo inauma zaidi, na ndiyo inayotaka maelezo.