Hiki ni cha Nani? Mafunzo Kutoka Kijiji cha Pwani ya Haruku

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tutazungumza juu ya mali. Hatusemi mali ya benki, maana wengi wetu hatuna. Tunasema shamba, minazi, mto, samaki, kisima cha kikundi. Tukizunguka vikundini, ugomvi tunaokutana nao mara nyingi ni huu: hiki ni cha nani, nani ana ruhusa ya kuvuna, na avune lini? Vikundi vingi vimevunjikia hapo hapo. Basi tumeona tuwapeleke mbali kidogo, tuwatazame wenzetu wa pwani ya Indonesia jinsi walivyopambana na jambo hilo.

Watu gani hawa?

Indonesia ni nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000. Upande wa mashariki kuna visiwa vya Maluku. Huko ndiko asili ya karafuu. Hata mikarafuu ya Unguja na Pemba, ukifuata ukoo wake, babu yake ni wa Maluku. Kwa hiyo hawa watu si wageni kabisa kwetu.

Mashariki ya Ambon kuna kisiwa kidogo cha Haruku, na humo mna kijiji chenye jina hilo hilo. Watu wanalima na kuvua. Wana minazi, mikarafuu na misago. Msago ni mti wa jamii ya mnazi. Huangushwa, shina likapasuliwa, na unga wa ndani ukawa chakula cha nyumba kwa siku nyingi.

Watu hawa wanajua uchungu wa kunyang'anywa. Waholanzi waliteka Ambon mwaka 1605. Baadaye kampuni yao ya biashara iliamua karafuu ipandwe Ambon na visiwa vya jirani tu, Haruku kikiwemo, na inunuliwe na wao peke yao. Mahali pengine mikarafuu ya watu ilikatwa. Fikiria, mzee: mti uliopandwa na baba yako unakatwa ili bei ya mtu wa Ulaya isishuke.

Mali za namna tatu

Katika vijiji vya huko, mali ziko za namna tatu, na si vizuri kuzichanganya.

Kwanza ni eneo la kijiji kizima, wanaloliita petuanan. Hilo lina nchi kavu na pia bahari iliyo mbele ya kijiji. Kwao mpaka wa kijiji hauishii ufukweni.

Pili ni ardhi ya ukoo, inayoitwa dati. Haiuzwi hivi hivi na mtu mmoja. Mwaka 1814 ardhi za dati ziliandikwa katika daftari, na mpaka nyakati zetu hizi watu wakishtakiana, daftari hilo huletwa mbele ya mahakama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu ni jasho la mtu. Mtu aweza kupanda mti juu ya ardhi ya ukoo: ardhi ikabaki ya ukoo, mti ukawa wake. Ndugu zetu wa Kilifi hilo wanalijua vizuri, maana kwao pia shamba laweza kuwa la huyu na minazi ikawa ya yule. Na hapa akina mama sikilizeni. Ardhi ya dati kwa kawaida hufuata upande wa wanaume. Lakini shamba alilofungua mtu kwa nguvu zake huweza kurithiwa na watoto wake wote, wa kike na wa kiume.

Sasi: kufunga na kufungua

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Watu wa Maluku wana desturi iitwayo sasi. Maana yake ni kwamba kitu fulani kinafungwa kwa muda. Nazi zikifungwa, hakuna anayeangua, hata mwenye mnazi. Alama huwekwa, mara nyingi kuti la mnazi, na kila mtu akiiona anaelewa.

Utauliza, mbona hata mwenye mali azuiwe? Ni kwa sababu wote wakingoja siku moja, mwizi hana pa kujificha. Mtu akionekana na nazi kabla ya siku, ameshajulikana. Tena nazi inakomaa, na bei yake inakuwa ya maana.

Katika vijiji vya Wakristo, sasi nyingine hufungwa kanisani kwa maombi mbele ya watu wote, na siku ya kufungua huombewa vile vile. Vijiji vya Waislamu navyo vina njia yao. Lakini maombi peke yake hayalindi mto. Wapo walinzi, wanaoitwa kewang, ambao kazi yao ni kuzunguka, kukagua na kutoza faini.

Mto wa lompa

Kijijini Haruku kuna samaki wadogo, kama dagaa hivi, waitwao lompa. Mchana hukaa ndani ya mto Learisa Kayeli, usiku hutoka baharini, na alfajiri hurudi. Wakionekana wachanga, kewang hutangaza sasi. Tangu hapo hakuna kuwavua. Hakuna kuwasha injini ya mashua mtoni, hakuna kuoshea vyombo vya jikoni, hakuna kutupa takataka. Mtu mzima akivunja sheria hulipa faini.

Baada ya miezi kama mitano hadi saba, samaki wamekua, na siku hupangwa. Usiku ngoma hupigwa kuwaamsha watu. Moto huwashwa karibu na mlango wa mto ili samaki wavutwe ndani. Wakishaingia, kewang hutandaza wavu mlangoni, na maji yakipwa samaki hawana pa kutokea. Ngoma ya mwisho ikilia, wote huingia mtoni pamoja: wazee, akina mama, watoto. Na kabla ya kila mtu kwenda zake, sehemu ya samaki hutengwa kwa ajili ya wajane na yatima.

Mwaka 1985 serikali ya Indonesia iliwapa kewang wa Haruku tuzo ya taifa ya kutunza mazingira, iitwayo Kalpataru. Watu wa kijiji, bila chuo kikuu!

Palipovunjika

Jamani, tusidanganyane kwamba kila kijiji cha Maluku kimefaulu. Vingi vimeiacha sasi, na sababu zake mtazitambua.

Sababu ya kwanza ni viongozi. Mahali pengine haki ya kuvuna iliuzwa kwa mnada. Mfanyabiashara mwenye fedha akainunua, ofisi ya kijiji ikapata pesa, na mwananchi aliyengoja miezi yote akabaki mtazamaji. Mtu wa namna hiyo mwaka ujao atangoja kwa faida ya nani? Usiku ataingia kuvua, na hutakuwa na uso wa kumlaumu. Chovya chovya humaliza buyu la asali, hasa wa kwanza kuchovya akiwa ni mlinzi wa buyu.

Sababu ya pili ni sheria ya nchi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1960 ilitambua haki za kimila, lakini kwa masharti. Halafu sheria ya vijiji ya mwaka 1979 ilitaka vijiji vyote vya nchi viwe na uongozi wa aina moja, na wazee wa mila wakapungukiwa nguvu. Ilifutwa mwaka 1999. Tena mwaka 2007 ikatungwa sheria iliyoruhusu sehemu za bahari ya pwani kukodishwa kwa makampuni. Wavuvi na mashirika yao hawakukaa kimya. Walikwenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2011 mahakama ikaifuta ruhusa hiyo. Hapo twajifunza kwamba mwenye desturi peke yake anaweza kushindwa, lakini mwenye desturi na anayeijua sheria ana pa kusimama.

Sisi je?

Hata kwetu yapo. Wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, mwaka 2005 walikubaliana kufunga sehemu ya bahari yao wakaiita tengefu, na samaki wakarudi. Na tangu mwaka 2016 tunayo Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayoruhusu jamii kusajili ardhi yake. Lakini hati bila mapatano ni karatasi tu. Jamii ambayo haijui nani anavuna, lini, na fedha zinakwenda wapi, itapata hati leo na kesho itagombana juu yake.

Basi mkirudi vikundini, kaeni chini mjadili maswali haya. Mpeni kila mmoja nafasi ya kusema, na wajane na vijana waanze:

1. Katika kijiji chetu, ni mali gani ya wote, ipi ya ukoo, na ipi ya mtu binafsi? Imeandikwa wapi?

2. Ni kitu gani tunakivuna mapema mno kwa sababu ya kuogopa mwizi au jirani? Tukikifunga miezi michache, nani ataumia, na tutamsaidiaje?

3. Nani ni mlinzi wetu? Na nani anamlinda mlinzi?

4. Siku ya mavuno, fungu la mjane na yatima hutengwa kabla ya kugawana au baada?

Andikeni majibu katika daftari la kikundi, na katibu ayasome kwa sauti katika mkutano unaofuata.